Kipande Kisicho na Majirani

Majibu ya mdogo wangu yalitoka Jumatatu saa tatu asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimeshamshuku Daktari wa Rangi. Ushahidi sikuwa nao. Nilichokuwa nacho ni machale tu, na machale yangu watu wa maabara wanayajua vizuri, ndiyo maana wananiita Mama Mashaka. Jina hilo nililichukia miaka miwili ya mwanzo, kisha nikaona afadhali hilo kuliko yale wanayowaita wengine.

Karatasi ilisema saratani, kwenye ukuta wa ndani wa kizazi. Mdogo wangu ana miaka thelathini na mitatu. Huu ni mwaka wa sita wa ndoa yake na bado hajashika mimba, na kilichompeleka hospitali ni damu iliyokuwa inamtoka ovyo, siku zake na siku zisizo zake, mpaka shemeji akasema basi, leo twende hata kama ni kwa kubebana. Daktari wa wanawake akamsafisha kizazi, akatuma vinyama huku kwetu maabara, na baada ya majibu akampangia upasuaji Alhamisi, saa mbili asubuhi. Kizazi chote kinatolewa.

"Dada, waambie wasubiri," aliniambia kwenye simu. Hakuwa analia. Huyu tangu utotoni akiumia sana ndiyo sauti yake inapokuwa ya kawaida kabisa. "Miezi mitatu tu. Wewe si unawajua hao?"

"Saratani haisubiri mtu, mdogo wangu."

"Nimesikia. Lakini waambie."

Nilimjibu nitawaambia, nikakata simu, nikaenda chooni nikalia mpaka pua ikaziba. Kisha nikanawa uso. Mimi machozi yakiisha huwa natafuta mtu wa kumlaumu, na siku hiyo mtu wa kumlaumu alikuwa chumba cha pili mkono wa kulia, amefunga mlango.

Daktari wa Rangi tulimpa jina hilo kwa sababu ya vichupa vyake. Alihamia kwetu mwaka jana na boksi la barafu, hataki mtu amsaidie kulibeba, na ndani yake mlikuwa na kingamwili, yaani dawa inayotafuta protini moja tu kwenye kipande cha nyama na kuing'ang'ania. Ukipitisha rangi baadaye, popote protini hiyo ilipo panageuka kahawia. Wiki ya kwanza alitukusanya wote mbele ya ubao.

"Seli zinaishi kijirani," alisema. "Zinapelekeana habari. Kuna protini moja ambayo ni mjumbe. Kazi yake ni kupita na kuziambia seli: tulieni, komaeni, acheni kuzaana. Sasa kuna nyingine inayomkamata mjumbe njiani kabla hajapiga hodi. Ikiwa kidogo haina ubaya, mwili wenyewe unaihitaji. Ikitengenezwa kupita kiasi, habari haifiki, na seli zinaendelea kuzaana kana kwamba hazijaambiwa kitu."

"Ni kizibo cha masikio hicho," akasema Mzee Taratibu, fundi mwenzangu, na tangu siku hiyo protini ile ikaitwa Kizibo, hata na daktari mwenyewe.

Kilichomkosesha daktari usingizi ni kujua nani anayekitengeneza. Katika vizazi alivyovipima, alisema, si seli za saratani zenyewe. Ni zile zinazoizunguka, za nyuzinyuzi, zinazoshikilia nyama isiachane, ambazo ukizitazama kwa rangi ya kawaida huoni kosa lolote. Hizo ndizo zilizokuwa zinageuka kahawia. Na si zile zilizogusana na saratani tu. Hata kwenye vinyama vingine vya mgonjwa huyohuyo, vinavyoonekana vizima kabisa, alikuta kahawia hafifu, mfano wa chai iliyochujwa mara ya pili. Alikuwa na wagonjwa mia moja na kumi na wawili na wote wako hivyo. Hapo nilimpenda kidogo. Mimi sijawahi kuamini majirani.

Lakini mapenzi hayo yalikwisha Jumatatu ile. Mwezi uliofuata alikuwa anakwenda kusoma matokeo yake kwenye mkutano mkubwa wa madaktari, na kila kinyama cha kizazi kilichoingia maabara alikuwa wa kwanza kukidai na kukisomea majibu. Nikajiambia: huyu ana njaa ya wagonjwa. Kizazi kimoja zaidi kwenye jedwali lake, kizazi kimoja kimepungua kwa mdogo wangu.

Upande wangu sikuwa na shaka hata chembe, na sababu yake naieleza sasa hivi, ingawa hainipendezi.

Kazi yangu ni kugandisha na kukata. Vinyama vikifika kutoka chumba cha upasuaji vinatiwa kwenye kisanduku cha plastiki chenye namba, vinalala ndani ya mashine vikilowekwa spiriti na nta, na asubuhi mmoja wetu hufungua kisanduku, huvitoa kwa kibanio, huvipanga kwenye kibati na kuvimiminia nta ya moto. Ikipoa unapata bonge la nta la ukubwa wa sabuni ya hotelini, na humo ndani yumo mtu. Baadaye unalikata kwa kisu cha mashine, vipande vyembamba kuliko unywele, unavilaza kwenye kioo, unavipaka rangi, madaktari wanaangalia.

Sheria za chumba chetu ni mbili, zimebandikwa juu ya sinki. Ya kwanza: ukimaliza namba moja, futa kibanio na ukichome kwenye kitundu cha moto kabla hujagusa namba nyingine. Ya pili: mtu asiguse namba ya ndugu yake. Hiyo ya pili iliwekwa kwa sababu mkono wenye hofu hautulii.

Mimi niliivunja ya pili. Vinyama vya mdogo wangu vilipewa namba 58, na 58 ilikuwa kwenye fungu la Mzee Taratibu. Mzee huyu amebakiza miezi minane kustaafu, miwani yake ni minene kama vitako vya glasi, na kibanio anakifuta mpaka unajiuliza kama amekisahau mkononi. Watu wanasema ni umakini. Mimi nilisema ni macho yamekwisha. Nikapanga kumzunguka.

Jumanne ya wiki iliyotangulia nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, taa za korido hazijawashwa. Nilianza na fungu langu mwenyewe ili mtu akiingia anikute kwenye haki yangu, na nilipomsikia mzee anakohoa kule mwisho wa korido nikachomoa 58 kwenye fungu lake, nikaigandisha haraka haraka, nikaweka bonge kwenye trei yake. Kwenye rejesta, safu yake, ambako namba zilishaandikwa tangu jana yake, mbele ya 58 nikatia alama yake, zile herufi mbili anazozikwangua kama kuku. Akaingia, akanisalimia, akaniuliza mbona natoka jasho na asubuhi yote hii. Nikamwambia ni nta.

Kwa hiyo Jumatatu ile nilikuwa na hakika na jambo moja: vinyama vya mdogo wangu havikupita kwenye mikono ya mzembe yeyote. Kama kuna uongo, basi umeingia baada ya kioo, kwenye jicho la daktari.

Jumanne nilikwenda kwa daktari wa wanawake kumwomba asogeze siku. Akanitazama kwa huruma ya kuchoka. "Mtaalamu mzima wewe, unaniambia niache saratani ikae?" Nilirudi nikamwambia mdogo wangu wamekataa, akasema sawa, akaniuliza kama nguo za kulalia wodini anunue za vifungo au za kupitisha kichwani.

Jumatano asubuhi akalazwa. Daktari wa Rangi akaenda kwenye kikao, na mimi nikaingia chumbani kwake na ndoo ya takataka, ingawa kumwaga takataka haijawahi kuwa kazi yangu.

Mezani kulikuwa na jedwali lake la mkutano, limechapwa vizuri, mistari mia moja na kumi na miwili. Namba 58 niliitafuta mara mbili. Haikuwepo. Nikainua kitabu, nikainua kikombe, na chini ya kibao cha kuchapia cha kompyuta nikakuta karatasi ya penseli. Juu ameandika: zisiingie kwenye jedwali. Chini yake namba mbili, 41 na 58, kila moja na alama mbili za kuuliza.

Damu ilinipanda kichwani. Kumbe anajua. Ana wasiwasi na majibu aliyoyatoa, amekaa kimya, na kesho mdogo wangu anapasuliwa.

"Unatafuta nini, Mama Mashaka?"

Alikuwa mlangoni. Sikuruka wala sikujisingizia ndoo.

"Natafuta kizazi cha mdogo wangu."

Akaangalia karatasi mkononi mwangu, akafunga mlango. "Hamsini na nane ni mdogo wako?"

"Tumbo moja. Na wewe umemwekea alama mbili za kuuliza halafu unamwacha akatwe. Hebu niambie, hizo alama unamuuliza nani? Mimi? Mungu?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi."

Akakaa. Nilitegemea ang'ake, na mtu ambaye hang'aki hunitia mashaka zaidi. "Sikiliza," akasema. "Kizibo ni utafiti. Hakitoi majibu ya mgonjwa. Majibu ya saratani yalitoka kwenye rangi ya kawaida, nimeangalia mimi na ameangalia bosi wa maabara, na saratani ipo. Hata wewe utaiona. Njoo."

Hadubini yake ina vichwa viwili. Akaweka kioo cha 58 chenye rangi ya kawaida, nikainama upande wangu. Vinyama vilikuwa kama ishirini, vidogovidogo, vimetawanyika. Akapita kimoja kimoja. Vizima, vizima, vizima. Kisha akasimama kwenye kimoja, kidogo kuliko punje ya mchele, na hapo hata mtu wa getini angejua kuna balaa. Seli zimejazana bila mpangilio, zimepandana, viini vyeusi. Nilikuwa nimekuja kumkamata mwongo na mtu alikuwa anasema kweli.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Sasa angalia Kizibo." Akabadilisha kioo. Kile kinyama kiovu kilikuwa na majirani wachache waliokigandia pembeni, utepe mwembamba wa nyuzinyuzi, wote kahawia iliyoiva. Sawasawa na alivyotufundisha. Akasogeza kioo taratibu kwenda kwenye kinyama cha pili, cha tatu, cha kumi.

Vyote vyeupe.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nilitafuta hata ile chai ya kuchujwa mara ya pili, sikuiona popote. Majirani wote wa mdogo wangu walikuwa safi, wanapitisha habari kama inavyotakiwa, hakuna aliyeziba sikio.

"Majirani wengine wa hiki kiovu wako wapi?" nikauliza.

"Ndiyo hizo alama za kuuliza. Wagonjwa mia na kumi na wawili, hakuna hata mmoja aliye hivi. Nikasema labda mwili huu una njia yake. Unaharibu jedwali, nikauweka kando."

"Umemweka kando kwa sababu hakubaliani na wewe."

"Ndiyo," akasema, na masikio yake yakawa mekundu. Lazima nikiri hilo lilinipunguzia hasira.

Nikarudisha jicho kwenye hadubini. Miaka kumi na tisa nimekata nyama za watu, sijasomea kuzisoma, lakini kushuku najua. "Daktari, mtu akikutwa sebuleni kwa watu, na nyumba nzima hakuna hata mmoja anayemjua, tunasemaje?"

"Tunasema si wa hapa," akajibu, na nikamwona anainua kichwa polepole kutoka kwenye hadubini.

Alikuwa mwepesi kuliko nilivyomdhania. Kundi la damu ya mtu, akaniambia, linabaki kwenye mishipa yake hata ukimgandisha kwenye nta, na ndani ya utepe ule wa kahawia kulikuwa na kamshipa. Mimi na mdogo wangu sote ni kundi O. Akaenda chumba cha damu akarudi na kichupa cha kutafuta kundi A, rangi isiyoshika mishipa ya O, mimi nikakata kipande kipya kutoka bonge la 58, na kwa saa tatu tukakaa pamoja, yeye anaangalia saa, mimi namwangalia yeye. Nilikuwa bado simwamini, nikihofu asije akaondoka.

Saa tisa alasiri tukainama tena. Vinyama vyote vya mdogo wangu, mishipa yake ilikuwa myeupe. Kwenye kile kimoja kamshipa kalikuwa kahawia.

Saratani ile haikuwa ya mdogo wangu.

Daktari alishika simu ya mezani palepale akampigia daktari wa wanawake. Nilimsikia anasema upasuaji usifanyike, asafishwe upya, kuna kinyama cha mtu mwingine humu. Upande wa pili walimuuliza ana hakika, akasema anaweka jina lake. Dakika ishirini baadaye simu yangu ikaita.

"Dada," mdogo wangu akasema, "wameniambia nivae nguo zangu. Umefanya nini?" Na sasa alikuwa analia kweli, kwa sauti, watu wa wodi wanamwambia pole.

Sijawahi kufurahi vile. Niliegemea jokofu la vichupa nikacheka peke yangu, kamasi na machozi pamoja. Kama siku ingeishia hapo, ningekuwa shujaa wa ukoo mpaka leo.

Lakini Daktari wa Rangi alikuwa ameshaleta rejesta. "Kimetoka wapi?" akasema. "Kinyama hakitembei. Kuna mwanamke ana saratani na kipande chake kimeingia kwenye bonge la mwenzake. Huenda kwake chenye saratani kilikuwa hichohicho tu." Akapitisha kidole kwenye safu. "Hamsini na nane imegandishwa na mzee. Kabla yake aligandisha hamsini na saba." Akafungua kabati la majibu. Hamsini na saba ilikuwa kidole tumbo cha mwanamume. Hamsini na sita, tezi ya koo. Hakuna kizazi mpaka mwanzo wa safu ile.

Akamwita Mzee Taratibu.

Mzee aliingia anajifuta mikono kwenye koti, kama kawaida yake, kila kidole kwa zamu. Daktari akamweleza kwa adabu, lakini hata adabu ina mwisho, na nikamsikia anamuuliza kuhusu miwani.

Mzee akaisogeza rejesta karibu na uso. Alikaa nayo muda mrefu. "Alama ni yangu," akasema. "Lakini hiki kisanduku cha hamsini na nane sikumbuki kukifungua, daktari. Hata siku ile nilishangaa. Nilikuta kimeshagandishwa, nikaona nimeandika, nikajiambia nimesahau." Akavua miwani. "Nilifikiri kichwa kimeanza. Nikanyamaza, kwa sababu miezi minane si mingi."

"Na kibanio, mzee? Hukufuta?"

"Mimi hufuta. Lakini kama sikumbuki kukifungua, nitakumbukaje kufuta? Pengine ni mimi. Andika ni mimi."

Hapo mimi niko wapi? Niko pale pale, nimeegemea jokofu, mdogo wangu anavaa nguo zake. Najua na nyinyi mnanitilia shaka, na mna haki. Nilifikiri: mzee anastaafu hata hivyo. Nilifikiri: watamwonya tu. Nilifikiri mambo mengi ya namna hiyo kwa haraka sana, na katikati yake nikaiona asubuhi ile yote. Fungu langu. Kikohozi kule korido. Mkono wangu unachomoa 58 na kibanio kilekile, nta ya namba iliyotangulia bado inateleza kwenye ncha zake. Sikukifuta. Sikukichoma. Wiki nzima nilikuwa nimewashuku watu wote wa jengo lile, kasoro mmoja.

Na wao wangetafuta kwenye safu ya mzee mpaka kesho kutwa wasimpate huyo mwanamke, kwa sababu hakuwemo kwenye safu ya mzee.

"Si yeye," nikasema.

Wote wawili wakageuka.

"Mzee, kichwa chako hakina neno. Hamsini na nane nimeigandisha mimi. Nilikuibia kwenye fungu lako na alama yako nikaighushi. Sikuyaamini macho yako." Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, na nikajua imetoka upande gani wa familia. "Nilipokusikia unakuja sikufuta kibanio."

Mzee Taratibu alinitazama. Nilitaka anitukane. "Binti yangu," akasema, "mimi nimekaa wiki nzima najipima. Asubuhi nikiamka nataja majina ya wajukuu wangu wote, nione kama bado ninayo." Akavaa miwani yake akatoka, na tangu siku hiyo hajaniita binti yangu tena.

"Kabla ya hamsini na nane ulikuwa na namba gani mkononi?" Daktari wa Rangi akaniuliza. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Arobaini na moja."

Hakufungua kabati. Alichukua ile karatasi ya penseli iliyokuwa juu ya meza akaigeuza upande wangu, na namba zote mbili zilikuwa pale, moja juu ya nyingine. Arobaini na moja ilikuwa vinyama vya kizazi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili. Kwa rangi ya kawaida hakuna saratani, majibu yametoka safi, ameruhusiwa. Kwa Kizibo, majirani wote kahawia hafifu, kila kinyama, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Daktari alishindwa kuelewa majirani wanamzibia nani masikio wakati nyumba haina mwizi. Akaona naye anaharibu jedwali.

Faili lake lilisema kundi A.

"Nitapiga mimi," akasema, mkono kwenye simu. "Ni kazi ya daktari."

"Lete," nikasema.

"Unajua utapelekwa mbele ya kamati."

"Najua. Lete hiyo simu."

Namba ilikuwa kwenye faili, imeandikwa kwa wino wa bluu. Iliita mara nne. Nilikuwa nimeshajipangia maneno: kuna hitilafu ndogo, tungependa kurudia kipimo, usiwe na wasiwasi. Maneno ya ofisini. Akapokea mwanamke, nyuma yake redio inaongea, nikamwambia napiga kutoka maabara ya hospitali.

Redio ikazimwa.

"Ni kuhusu yale majibu?" akauliza. "Nilijua tu. Mimi sikuyaamini tangu siku ile. Nimewaambia damu bado inatoka, mume wangu anasema nina mashaka kupita kiasi, binti yangu anasema mama, umepewa majibu safi, unatafuta nini tena? Mpaka nikaanza kujiona mwendawazimu."

"Hukuwa mwendawazimu," nikamwambia. "Majibu yalikosewa. Tunataka urudi, na tunataka urudi haraka."

Nilimsikia anavuta kiti akakaa.

"Nani aliyekosea?"

Daktari wa Rangi alikuwa ananitazama, na nadhani angenielewa kama ningesema mashine.

"Mimi," nikasema. "Ni mimi mwenyewe ninayeongea na wewe."

Nilimsikia anafungua droo, anatafuta kalamu. Kisha akaniuliza aje saa ngapi.